Hata woga wetu wa teknolojia tumeuagiza nje

Ikitajwa tu akili mnemba kwenye group lolote la WhatsApp, lazima atokee mtu aandike "hawa roboti watakuja kututawala", chini yake wanajipanga wenzake kumuunga mkono, na mmoja hakosi kuweka picha ya Arnold Schwarzenegger na miwani yake nyeusi na lile jicho jekundu. Sasa muulize huyo ndugu habari hiyo kaitoa wapi. Hajafundishwa darasani, hajaisoma popote, kaiona kibanda umiza enzi anavaa kaptura, DJ anatafsiri juu kwa juu, steringi anakimbizwa na lori na watoto wanapiga kelele kwamba steringi hafi. Muvi ya kwanza ya Terminator ilitoka 1984. Imepita zaidi ya miaka 40 na bado mtu mzima mwenye familia na biashara yake, akitaka kuiwaza kompyuta inayofikiri, kichwa kinamwenda moja kwa moja kwenye mifupa ya chuma.

Simcheki, maana sote tuko hivyo. Kitu ambacho hakijawahi kuwepo huwezi kukiwaza kuanzia sifuri, lazima ushike picha uliyowahi kuonyeshwa, na picha za kesho karibu zote wanaotuchorea ni waandishi wa hadithi za kisayansi na watu wa sinema. Wengi wakiziongelea hizi hadithi wanapenda kusifia utabiri, ooh fulani aliona mbali, alitaja safari ya mwezini miaka 100 kabla. Mimi naona hilo linatupotezea muda tu, maana mtu akitabiri vitu mia vikatimia viwili tunamkumbuka kwa hivyo viwili. Kazi nzito ya hizi hadithi ni kugawa nafasi. Zinasema nani steringi, nani adui, kipi cha kuogopwa, na zaidi ya yote nani hataonekana kabisa kwenye picha. Halafu anakuja mtu mwenye hela au mwenye madaraka, anafanya maamuzi ya kweli humo humo ndani ya mgawanyo ule.

Chukua bomu la atomiki. Mwaka 1914, kabla Vita Kuu ya Kwanza haijaanza, mwandishi Mwingereza H. G. Wells alitoa riwaya inaitwa The World Set Free. Mle ndani kuna mabomu anayaita ya atomiki, yanadondoshwa kwa mkono kutoka kwenye ndege, na yakishalipuka hayanyamazi, yanaendelea kuwaka siku na siku. Wakati anaandika hakuna aliyejua kama kitu hicho kinawezekana. Wells alikuwa amesoma kazi za mwanasayansi Frederick Soddy kuhusu radiamu, elementi inayotoa mionzi yenyewe, akakiachia kichwa kikimbie. Kwenye hadithi yake miji inaungua, halafu walionusurika wanatishika mpaka wanaunda serikali moja ya dunia nzima na vita vinakwisha, yaani bomu ndilo linaloleta amani.

Mwaka 1932 mwanafizikia mmoja mzaliwa wa Hungaria, Leo Szilard, akiwa Berlin, akaisoma hiyo riwaya. Mwaka uliofuata Hitler akashika nchi na Szilard, Myahudi, akafunga mabegi akaishia London. Septemba 1933 akakuta kwenye gazeti la The Times mwanasayansi mkubwa Ernest Rutherford anasema anayetegemea kupata nishati kutoka kwenye atomu anaongea upuuzi, Szilard ikamkera, na mwenyewe anasimulia kwamba alikuwa anatembea tu mjini, akasimama kwenye taa za barabara ya Southampton Row, taa ikageuka kijani, akaanza kuvuka na hapo hapo wazo likamjia: ukipata elementi ambayo ukiipiga kwa nyutroni moja (chembe ndogo ya ndani ya atomu) inatoa mbili, hizo mbili zitatoa nne, nne zitatoa nane, na moto haukatiki tena. Hicho ndicho kilichomo ndani ya bomu, na ndani ya kila kinu cha umeme wa nyuklia mpaka leo.

Stori ya taa za barabarani wengi wanaipenda, mimi inanivuta zaidi alichofanya baadaye. Aliandikisha hataza (patent, haki ya kumiliki ugunduzi) ya wazo lake 1934, halafu 1936 akaikabidhi kwa jeshi la majini la Uingereza ili iwe siri, na sababu aliyoitoa mwenyewe ni kwamba alijua jambo hili litafika wapi kwa kuwa alishamsoma Wells. Yaani hakuna bomu, hakuna kiwanda, hata elementi yenyewe haijapatikana bado, maana habari kwamba atomu ya urani inapasuka ilikuja kujulikana mwishoni mwa 1938, lakini jamaa tayari anaficha karatasi kwa kuogopa kitu alichokisoma kwenye riwaya. Hadithi ilishaanza kufanya kazi ya serikali kabla sayansi haijafika.

Na hapa ndipo na sisi tunaingia. Mwaka 1939 Szilard yuko Marekani, hofu yake kubwa ni Wajerumani wasiwahi, akaenda kumwona Einstein. Wazo la kwanza halikuwa kumwandikia Rais Roosevelt, walifikiria kwanza kumwandikia Malkia Elisabeth wa Ubelgiji, ambaye Einstein alikuwa anafahamiana naye, wamtahadharishe kuhusu urani ya Kongo. Baadaye ndio wakageukia Ikulu ya Marekani, na barua ile maarufu ya tarehe 2 Agosti 1939 imeitaja Kongo ya Wabelgiji wazi wazi kuwa ndiko kwenye urani muhimu kuliko kwingine kote.

Mgodi wenyewe ni Shinkolobwe, Katanga, karibu na mji ambao leo unaitwa Likasi. Baadhi ya mawe yake yalikuwa na urani hadi asilimia 65, wakati sehemu nyingine za dunia kuipata asilimia 1 tu ni kazi. Edgar Sengier, bosi wa kampuni ya Union Minière, mwaka 1940 alihamisha zaidi ya tani 1,000 za mawe hayo mpaka ghala la Staten Island, New York, yakakaa pale mpaka jeshi la Marekani lilipokuja kuyanunua 1942. Sehemu kubwa ya urani ya mradi wa Wamarekani wa kutengeneza bomu ilitoka huko. Waliochimba ni Wakongo, wanabeba mawe kwa mikono bila kinga ya maana, kwenye migodi ya Katanga ambako lugha ya kazi ilikuwa Kiswahili. Fikiria hilo kidogo. Watu wa lugha hii hii unayoisoma walishika yale mawe kabla ya mwanasayansi yeyote wa Marekani kuyashika, na mwisho wa safari yake ni Hiroshima, tarehe 6 Agosti 1945.

Sasa rudi kwenye riwaya ya Wells. Kuna mwanasayansi anayeumia moyo kwa alichokigundua, kuna wafalme, kuna marubani. Mchimbaji hayupo. Na nje ya riwaya ikawa vile vile, mgodi ukafanywa siri, na kila muvi ya bomu inayotengenezwa mpaka leo steringi ni mwanasayansi mwenye majonzi amesimama jangwani. Simlaumu Wells kwa kila kitu, hakuijua Shinkolobwe, mawe yenyewe yaligunduliwa 1915. Ila ukishapokea hadithi ambayo nguvu inatoka kichwani kwa mtu mmoja mwenye akili nyingi, swali la mawe yametoka wapi na nani kayabeba hulikumbuki tena. Na ile serikali moja ya dunia nayo haikuja. Julai 1945 Szilard alizunguka na barua ya kuomba bomu lisitumike hivi hivi, wanasayansi 70 wa mradi wakasaini, haikumfikia Rais Truman. Wakubwa walinunua sehemu ya bomu, sehemu ya amani wakaiacha dukani.

Tabia hiyo ya kuchagua nusu ya hadithi haijaisha wala. Neno metaverse lilibuniwa na Neal Stephenson kwenye riwaya ya 1992, na ulimwengu wa riwaya ile umeoza, makampuni yameshika kila kitu na watu wanajificha kwenye dunia ya kompyuta kwa sababu ya nje imeshindikana kukalika. Oktoba 2021 kampuni ya Facebook ikabadili jina kwa kufuata neno hilo hilo, na mabilioni ya dola yakamwagwa. Mtu kaandika onyo, mwenzake kalisoma kama tangazo la kiwanja.

Lakini nisiseme mabaya tu, upo upande ambao hadithi imefungua mlango, na mfano wake unatugusa kuliko wengi wanavyojua. Tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya uhuru wa Kenya, roketi iliruka kutoka jukwaa la San Marco, baharini kwenye Ghuba ya Ungwana, kaskazini ya Malindi. Warushaji walikuwa Waitaliano, mzigo ulikuwa wa NASA, satelaiti ambayo Wamarekani waliipa jina la Uhuru kwa heshima ya siku hiyo na ya wenyeji. Na haikuwa satelaiti ya kawaida, ilikuwa ya kwanza duniani kutengenezwa kwa kazi moja tu ya kutazama eksirei zinazotoka kwenye nyota, na Riccardo Giacconi aliyeongoza kazi hiyo alikuja kupata tuzo ya Nobel 2002. Jukwaa lile liliendelea kurusha mpaka 1988. Yaani kwa zaidi ya miaka 20 pwani ya Waswahili ilikuwa kituo cha anga cha kweli kabisa, sio cha kwenye runinga, na mimi shule nzima sikuwahi kusikia hata sentensi moja.

Sasa linganisha na huyu. Mwaka 1966 televisheni ya Marekani ilianza kuonyesha Star Trek, na ndani yake kulikuwa na afisa wa mawasiliano wa chombo, mwanamke mweusi anaitwa Uhura, jina lililochongwa kutoka neno letu uhuru, anatoka Afrika na kuna episodi anaongea Kiswahili, tena cha kuunga unga. Aliyemwigiza ni Nichelle Nichols. Alitaka kuacha baada ya msimu wa kwanza, na mwenyewe amesimulia mara nyingi kwamba aliyemzuia ni Martin Luther King, akamwambia nafasi ile ni kubwa kuliko anavyoiona, kwa sababu kwa mara ya kwanza watu wanamwona mweusi kwenye kesho akiwa na cheo, sio anafagia. Mwaka 1977 NASA ikamchukua Nichols akazunguke nchi kutafuta wanawake na watu weusi waombe kazi ya uanaanga, na darasa lililochaguliwa 1978 ndilo la kwanza lenye hao watu. Kuna binti wa Chicago alikuwa anamwangalia Uhura tangu mdogo, Mae Jemison, akawa daktari, akiwa mwanafunzi alifika mpaka Kenya kwa kazi za afya, na Septemba 1992 akawa mwanamke mweusi wa kwanza kufika angani. Akiwa huko juu alikuwa anaanza zamu yake kwa maneno ya Uhura.

Hapo ndipo penye kiini cha ninachotaka kusema. Uhuru wa chuma, aliyeruka kweli mbele ya macho ya wavuvi wa Tana na Malindi, hakuzaa ndoto yoyote huku kwetu. Uhura wa kubuni, wa mbao na rangi za studio, amezaa wanaanga. Najua kuna atakayesema bro hiyo ni hela, NASA ina bajeti na Kenya ilitoa sehemu ya kurushia tu, na kweli, hata mimi sidhani kama hadithi ingeiletea Malindi chuo cha roketi kwa miujiza. Lakini hela za NASA zilikuwepo tangu mwanzo na bado miaka yote ile walichagua wanaume weupe watupu, kwa hiyo bajeti peke yake haitoshi kueleza. Lazima kwanza mtu aweze kupata picha ya nani anafaa kukaa kwenye kile kiti.

Turudi kwa roboti mwenye jicho jekundu, maana yeye ndiye anayetugharimu sasa hivi. Mwaka 2023 serikali ya Uingereza iliita mkutano mkubwa Bletchley Park kuhusu usalama wa akili mnemba, nchi 28 zikaweka sahihi tamko, Kenya, Rwanda na Nigeria zikiwemo, na mazungumzo makubwa yalikuwa ni hofu ya mitambo yenye uwezo mkubwa kuja kumshinda binadamu nguvu. Sisemi hofu hiyo ni ya kijinga, kuna watu makini wanaifanyia kazi usiku na mchana. Ila Januari mwaka huo huo jarida la TIME lilieleza kwamba kuna vijana Nairobi, wameajiriwa na kampuni ya Sama kwa kazi ya OpenAI, wale wenye ChatGPT, walikuwa wanalipwa kati ya dola 1.32 na dola 2 kwa saa ili wasome maandishi ya ubakaji wa watoto, mauaji, mateso, watu kujiua, siku nzima, wayawekee alama ili mtambo ujifunze kutoyatema. Mei mwaka huo wafanyakazi zaidi ya 150 wa kazi za namna hiyo wakakutana Nairobi wakapiga kura kuanzisha chama chao. Sasa wewe tafuta kwenye muvi zote za akili mnemba ulizowahi kuangalia, ni ngapi zina mtu amekaa Nairobi mbele ya kompyuta anasoma uchafu ili mashine iwe na adabu? Kwenye muvi mashine inaamka yenyewe usiku wa radi, hakuna aliyeifundisha. Ni Shinkolobwe ile ile, mwenye kubeba mawe hajaandikwa.

Na huku mtaani ni hivyo hivyo. Mimi nina jamaa, mtu mzima kabisa, alikuwa ananiambia AI itatumaliza, simu yake ikiwa mkononi, na ndani ya simu hiyo kuna apu ya mkopo aliyoipa ruhusa ya kusoma majina yote ya watu wake. Alikopa elfu themanini ya ada ya mtoto. Siku alipochelewa, shangazi yake huko Korogwe akapigiwa na binti wa sauti laini, "samahani mama, unamfahamu fulani? Mwambie alipe deni letu," kisha bosi wake akapigiwa, kisha fundi aliyemtengenezea feni mwaka juzi na namba yake ikabaki kwenye simu. Baadaye wakatuma picha yake yenye neno TAPELI. Ndio maana watu wanaziita kausha damu. Benki Kuu ya Tanzania mwishoni mwa 2024 ilitoa orodha ya majukwaa 69 yanayokopesha bila leseni, lakini hizi zinazaliwa kila siku na majina mapya. Ukiniuliza mimi, mashine iliyoshika maisha ya Mtanzania wa kawaida ni hii, haina jicho jekundu, ina rangi ya kijani na kitufe cha "Pata mkopo sasa". Jamaa yangu aliipa ruhusa bila kuwaza kwa sababu hakuna hadithi iliyowahi kumwambia aiogope. Hadithi alizonazo zilimwambia amsubiri Arnold, yeye akawa anasubiri.

Atatokea wa kusema kwani sisi hatuna zetu? Ungo wa wachawi unatoka kijijini mpaka Dar usiku mmoja bila mafuta, tena unapaki kwenye paa. Zipo, na nazipenda, ila zina tofauti moja kubwa. Kwenye hadithi za ungo nguvu ni siri ya ukoo, hakuna anayeuliza unaundwaje, unamilikiwa na nani, ukiharibika fundi ni nani, na nani kalipa. Hadithi ya kisayansi, hata ikiwa ya uongo mtupu, inakulazimisha ukubali kwamba kitu kimetengenezwa na watu, na kilichotengenezwa na watu kinaweza kufunguliwa, kuhojiwa, hata kunyang'anywa.

Na kwa Kiswahili mtu alishafanya hivyo. Katama Mkangi, mtu wa pwani ya Kenya, msomi wa sosholojia aliyewahi kuwekwa kizuizini 1986 wakati wa Moi, alitoa riwaya ya Walenisi mwaka 1995. Mhusika wake Dzombo anahukumiwa kifo, anatiwa kwenye chombo kinachorushwa angani, na adhabu yenyewe ni hiyo, chombo kimuue. Yeye anahangaika nacho mpaka anajua kukiendesha, anafika nchi ambayo watu wanaishi kwa usawa. Angalia nafasi zilivyogawiwa hapo: teknolojia ni ya mtawala, imeletwa kuua, na mtu aliyetiwa ndani ndiye anayejifunza vitufe. Hiyo siioni kwenye muvi ya Arnold. Miaka baadaye Wanuri Kahiu, Mkenya, akatengeneza filamu fupi ya Pumzi, 2009, watu wanaishi wamejifungia ndani baada ya vita ya maji, jasho na mkojo vinachujwa vinyweke tena, na umeme unatoka kwa watu wanaozungusha mashine kwa miguu na mikono. Dakika 20 hivi tu, lakini nguvu ya mitambo mle ndani ina mwili wa mtu nyuma yake, unaona anavyotoka jasho. Wamarekani wakiwaza umeme wa kesho wanachora mnara unaong'aa, Kahiu kachora watu wanaozungusha mashine.

Tatizo letu sio vipaji, nenda Facebook na WhatsApp uone riwaya za mtandaoni, sehemu ya kwanza mpaka ya tisini, majini, ujasusi, chombezo, "itaendelea", na watu wanatuma buku kwa M-Pesa ili wapewe sehemu inayofuata. Wachapishaji wa vitabu wanatazama zaidi mtaala, hilo linajulikana, ila hawa wa mtandaoni hawamwombi mtu ruhusa, wanaandika usiku asubuhi wana wasomaji. Mmoja wao akianza stori ya binti wa sauti laini anayepiga simu za madeni, ana umri gani, analipwa shilingi ngapi kwa kila anayemtukana, seva anayotumia iko nchi gani, na siku gani akaamua kufuta orodha yote ya wadaiwa, mimi buku yangu ya sehemu ya kwanza iko tayari, na ya pili pia, mradi asiniachie njiani kama wale wa majini wanaopotea kwenye sehemu ya arobaini na hela zetu.